Programu Ikianguka, Iulize Nani Kaita

Msimu wa korosho ukifunguliwa huku Nachingwea na Ruangwa, foleni ya mzani haisubiri mtu. Mkulima ameshusha magunia, karani ameandika kilo na daraja, kilichobaki ni stakabadhi. Kwa kazi hiyo niliandika programu ndogo ya Haskell. Faili la Nachingwea lilipita salama. La Ruangwa likaiangusha, na ujumbe ulikuwa huu tu:

`Prelude.head: empty list`

Maana yake, mahali fulani tumeomba kitu cha kwanza kwenye orodha tupu. Mahali gani? Toleo langu la GHC, kompaila ya Haskell, lilikuwa la zamani, halikusema. Nilipekua msimbo mstari kwa mstari siku nzima, nikatoka mikono mitupu. Hatua zilizonitoa ni hizi.

1. Kompaili upya kwa ajili ya uchunguzi.

`ghc -prof -fprof-auto -rtsopts mizani.hs`

Usisahau `-rtsopts`. Bila hiyo, programu hukataa mipangilio mingi unayoipa wakati wa kuiendesha.

2. Iendeshe ikitaja mlolongo wa miito.

`./mizani ruangwa.csv +RTS -xc`

Kila kinachofuata `+RTS` hakiendi kwenye programu yako; kinakwenda kwa mtambo wa GHC unaoiendesha. Nikaona:

`Main.mzaniWaKwanza,`
`called from Main.stakabadhi,`
`called from Main.main`

Soma kutoka juu: wa kwanza ndiye aliyeanguka, wanaofuata ndio waliomwita. `mzaniWaKwanza` ilitafuta tarehe ya mzani wa kwanza wa kila daraja. Katika faili la Ruangwa alikuwepo mkulima ambaye korosho zake zote zilikuwa daraja la kwanza. Orodha yake ya daraja la pili ilikuwa tupu. Kwenye faili la Nachingwea, kila mkulima alikuwa na madaraja yote mawili.

3. Tibu chanzo. Niliondoa `head`, nikaweka `listToMaybe`, ambayo orodha ikiwa tupu hurudisha `Nothing` badala ya kuanguka.

4. Acha alama za kudumu. Tangu GHC 8.0 ya mwaka 2016, ukiandika `HasCallStack =>` kwenye aina ya funksheni, hitilafu hutaja faili na mstari ilikoitwa, hata bila `-prof`. Iandike kwa kila funksheni ya mlolongo. Ukiruka moja, mlolongo hukatikia hapo.

Tahadhari mbili. `-xc` hutaja hata hitilafu ambazo programu imezidaka yenyewe, kwa hiyo anza na ya mwisho. Tena, programu ya uchunguzi ni nzito: kwa karani peleka ya kawaida, na kama kompyuta yake ni ndogo, ikompaili kwa `-with-rtsopts=-M512m` ili isimeze kumbukumbu yote.

Ndugu msomaji, usibadilishe hata mstari mmoja kabla ya kujua nani kamwita nani. Mkulima aliyesimama juani anangoja stakabadhi yake, na kubahatisha kwetu kunamlia muda wake.