Ndege Wajengao Karibu na Nyumba

Mvua zikisha kulowesha ardhi katika nchi ya Kisaka, wilaya ya Serengeti, watu hushika majembe, na ndege nao hushika kazi yao. Ndivyo ilivyo pia ng'ambo ya mto Mara, upande wa Tarime. Mtu atakaye kujua mambo ya ndege hana haja ya kwenda mwituni wala kupanda mlimani. Na asimame tu katika mji wa baba yake, atazame kutoka paa la nyumba hadi ua wa minyaa, na kutoka ghala hadi mti ulio karibu na zizi la ng'ombe. Huko ataona ndege wa aina nne au tano, kila mmoja na namna yake ya kujenga, na namna yake ya kulea watoto.

Shomoro ndiye jirani wa karibu kuliko wote. Huingiza nyasi, manyoya ya kuku na vipande vya uzi chini ya paa, nyumba iwe ya nyasi au ya bati, na kiota chake hakina umbo la kusifiwa. Lakini ni mjanja. Akiona mtu anamtazama, hataingia kiotani. Atakaa juu ya paa na majani yake mdomoni, akijifanya kuwa hana safari, mpaka mtu yule aondoke.

Mbayuwayu hatumii nyasi kwa kuta zake, hutumia tope. Hushuka penye dimbwi, huchukua tonge moja dogo mdomoni, hurudi ukutani na kulibandika chini ya upenu, kisha hungoja likauke kidogo kabla ya kuweka jingine. Kwa sababu hiyo, jua likiwa kali na madimbwi yamekauka, kazi yake husimama. Ndani hutandika manyoya. Makinda yakianguliwa, baba na mama wote wawili huyalisha wadudu waliokamatwa hewani.

Wako mbayuwayu wa namna mbili, na watu wengi huwachanganya. Wa kwanza ni huyu akaaye nchini na kujenga majumbani. Wa pili ni mgeni: huja kutoka Ulaya wakati baridi inapoanza kule, hukaa katika nchi zetu za Afrika, kisha hurudi kwao mwezi wa Machi au Aprili, wala hajengi huku hata mara moja. Zamani watu wa Ulaya hawakujua wazi mbayuwayu wao walikwenda wapi. Mwezi wa Mei mwaka 1911, Mwingereza mmoja aitwaye John Masefield alimvika mbayuwayu pete ndogo mguuni huko Staffordshire, Uingereza. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege yule yule alishikwa ndani ya nyumba ya mkulima huko Natal, Afrika ya Kusini, na pete ilikuwa bado mguuni pake. Ndege ambaye uzito wake haupiti gramu 25 au hivi alikuwa amevuka bahari, jangwa na misitu, kisha akaingia nyumba ya mtu kana kwamba ni kwake.

Hua ni fundi mbaya. Hapana budi kusema hivyo. Huweka vijiti vichache tu juu ya tawi, na mtu aliyesimama chini aweza kuyaona mayai mawili meupe kupitia katikati ya vijiti. Upepo ukivuma sana, huanguka. Lakini katika kulisha watoto hua ana jambo ambalo ndege wengi hawana. Siku za kwanza makinda yake hayali mbegu wala wadudu. Ndani ya kifuko cha shingoni mwake hua hutengeneza chakula cheupe, kizito kama maziwa yaliyoganda, na makinda hutia midomo yao ndani ya kinywa chake ili kukipata. Tena si jike peke yake; dume naye huwa na maziwa hayo.

Sasa tumtazame mnana, yule ndege wa manjano mwenye kichwa cheusi, maana huyu ndiye ajuaye kazi. Minana hawapendi upweke. Huchagua mti mmoja, mara nyingi ulio karibu kabisa na nyumba ya watu, na huko hutundika viota makumi kwa makumi, mpaka matawi yakainama. Kelele zao husikika tangu alfajiri.

Anayejenga ni dume. Huuma ukingo wa jani refu la nyasi au la mhindi, kisha huruka, na jani huchanika likawa uzi mrefu. Uzi huo huufunga kwenye ncha ya tawi kwa kuuzungusha na kuupenyeza, kwa mdomo na ukucha, bila kidole hata kimoja cha kumsaidia. Kwanza hufanya pete. Husimama ndani ya pete ile, akielekea upande mmoja siku zote, na kila kitu hukipima kwa urefu wa shingo yake mwenyewe. Mbele yake husuka chumba cha mayai. Kisha hujipinda kwa nyuma, akasuka ukumbi na mlango utazamao chini. Nyumba hiyo haina mlango wa ubavuni, na mvua haipati njia ya kuingia.

Kiota kikiwa tayari, dume huning'inia chini yake, hupigapiga mabawa na kuita. Majike huja kukagua. Jike huingia ndani, huvuta uzi huu na uzi ule, kana kwamba ni mnunuzi ajaribuye mshono wa kikapu sokoni. Kikimpendeza, hukaa na kutandika nyasi laini ndani yake. Kisipompendeza, huenda zake. Dume hungoja mwingine. Lakini majani mabichi hukauka na kubadilika rangi, na majike hawapendi kiota kilichopauka. Basi dume, akiona kiota chake kimekaa siku kadha bila kupata mwenyeji, hukifumua chote kwa mdomo wake mwenyewe, na mahali pale pale huanza kingine cha majani mabichi. Dume mmoja hodari aweza kuwa na majike wawili, watatu au zaidi, kila mmoja katika nyumba yake. Hayo si ya ajabu sana kwa watoto wa Kisaka.

Je, mnana huzaliwa na ufundi huu, au hujifunza? Wataalamu wawili wa Marekani, Nicholas Collias na mkewe Elsie, waliichungua habari hiyo katika miaka ya 1960 kwa kufuga minana. Waliona kwamba madume machanga hujenga ovyo: nyuzi zinalegea na pete haisimami. Wale waliopewa majani tangu udogoni waliendelea kujaribu mpaka wakaweza, na wale walionyimwa majani walipokuwa wachanga hawakuweza kusuka vema walipopewa baadaye. Kwa hiyo tamaa ya kusuka huzaliwa nayo, lakini mkono wa ufundi (au tuseme mdomo wa ufundi) hupatikana kwa mazoezi.

Jike hutaga mayai mawili au matatu. Hapa pana jambo ambalo wengi hupita bila kulitazama. Mayai ya minana hayafanani. Jike mmoja hutaga meupe matupu, jirani yake hutaga ya rangi ya buluu, wa tatu hutaga ya kijani yenye madoa. Lakini mayai ya jike mmoja hufanana yote. Kwa nini iwe hivyo?

Sababu yake ni kekeo. Wakati wa mvua husikika juu ya miti sauti ya huzuni, di-di-di-dirik, ikirudiwa tena na tena. Huyo ni kekeo mdogo mwenye mgongo wa kijani ung'aao. Kekeo hajengi kabisa. Jike wake huvizia mpaka mnana ameondoka, huingia upesi, hutaga yai moja, huenda zake. Yai lile huanguliwa mapema. Kinda la kekeo, likiwa bado uchi na macho yamefumba, huyasukuma mayai ya mwenye nyumba kwa mgongo wake mpaka yaanguke chini. Kisha hubaki peke yake, na mnana maskini humlisha yule aliyewaua watoto wake, mpaka mgeni akawa mkubwa.

Ndiyo maana mnana huyajua mayai yake kwa rangi. Akikuta yai geni asilolifahamu, hulitoa nje. Na kwa kuwa rangi za mayai ni nyingi, kekeo hawezi kujua yai lake litafanana na la nani. Jambo hili limethibitishwa kwa njia nzuri. Zamani za biashara ya watumwa minana walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi hadi kisiwa cha Hispaniola, penye nchi ya Haiti, ambako kekeo huyu hayupo. Mwaka 2005 mtaalamu David Lahti alitoa habari za mayai ya kule: baada ya miaka mia mbili na zaidi bila kekeo, mayai ya majirani yamezidi kufanana, na mayai ya jike mmoja yameanza kutofautiana. Adui alipokosekana, alama nazo zililegea.

Jike peke yake ndiye huatamia, yapata siku 12. Makinda yakitoka, huanza taabu kubwa. Mnana mkubwa hula nafaka, ni kweli. Lakini makinda hulishwa zaidi wadudu: viwavi, panzi, mchwa wenye mabawa. Baada ya majuma matatu hivi hutoka kiotani. Si wote watokao. Nyoka wa mitini hupenya mlangoni. Yuko pia mwewe wa kijivu mwenye uso wa manjano, ambaye miguu yake hupinda mbele na nyuma. Huning'inia juu ya kiota akipiga mabawa, hutia mguu ndani, na kutoa kinda kama mtu atoaye ugali chunguni. Siku hiyo mti mzima hulia.

Adui mwingine ni manati ya mvulana. Na hapa lipo shauri ambalo hurudi karibu kila mwaka katika miji mingi, wakati mtama na ulezi vinapoanza kutia maziwa. Vijana husema, “Baba, tuukate mti huu, minana wanatumaliza.” Bibi mwenye shamba husema vivyo hivyo, na hana kosa, maana nafaka ile ndiyo uji wa wajukuu wake. Mnana huharibu: hudonoa masuke, na huchana majani ya mahindi na migomba. Asemaye kwamba ndege huyu hana hasara yoyote hajalima.

Lakini yafaa kuangalia kwanza ni ndege gani. Wale washukao shambani kama wingu, maelfu kwa maelfu, wenye midomo myekundu, si minana bali ni kwelea kwelea. Hao hujenga porini katika miiba, mbali na nyumba, na hasara yao huwa kubwa hata serikali huwanyunyizia dawa kwa eropleni. Kukata mti wa nyumbani kwa sababu ya kwelea kwelea ni kumfunga jirani kwa kosa la mpita njia. Hata akiwa ni mnana mwenyewe, matawi yakikatwa makinda hufa chini kwa njaa au huliwa na siafu, lakini wazazi hawafi. Huhamia mti wa pili na kuanza upya, wakiwa na njaa ile ile, kando ya shamba lile lile. Mzee mwenye akili huuacha mti, bali huweka watoto wa kuamia ndege tangu nafaka inapotia maziwa mpaka imekauka. Kazi hiyo ni ya majuma machache, nayo huchosha; watoto waliokesha alfajiri juu ya dungu wanajua.

Mwanafunzi apendaye kutazama viota achague kiota kimoja, akae mbali hatua ishirini, mahali pale pale kila siku, wala asivae nguo ya kung'aa. Aandike tarehe ya pete ya kwanza, siku jike alipoingia, na siku aliposikia sauti za makinda. Kwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni atie alama moja kwa kila safari ya mama akileta chakula. Asiguse. Wengine husema kwamba yai likishikwa, mama hulikimbia kwa harufu ya mkono. Si harufu imfukuzayo; ni kule kusumbuliwa mara kwa mara, na njia iliyokanyagwa hadi mtini humwonyesha paka na nyoka pa kwenda.

Mvua zikiisha, mti hunyamaza. Viota vya minana hugeuka rangi ya majani makavu, na baadhi yake huingiwa na ndege wengine wadogo, kama yule wa buluu ambaye dume wake ana doa jekundu shavuni. Vingine huanguka kwa upepo. Kiota kilichoanguka chenyewe chaweza kuletwa shuleni bila kumdhulumu mtu. Kiwekwe juu ya meza, kifumuliwe polepole, uzi mmoja baada ya mmoja, na watoto wawili wahesabu: mmoja nyuzi, mmoja mafundo. Kisha wachukue majani mabichi, wajaribu kutengeneza ile pete ya kwanza tu, kwa mkono mmoja.