Utunzaji wa Miguu ya Mwenye Kisukari Wakati wa Kipupwe

Kati ya mwezi Juni na Agosti, kipupwe huingia katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Njombe, Makete na sehemu nyingi za Mbeya na Iringa hupata asubuhi za ukungu na usiku wa baridi kali, na katika uwanda wa Kitulo umande huweza kuganda juu ya majani. Majira hayo yanapofika, jiko la mkaa huingizwa ndani, watu wa nyumbani hulizunguka, na miguu hunyoshwa kuelekea motoni. Kwa wengi hiyo ni faraja ya jioni. Kwa mtu mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, jioni moja ya kuota moto yaweza kuwa mwanzo wa kidonda, na kidonda kikapuuzwa huweza kuishia katika kukatwa mguu.

Somo hili linaeleza jinsi hatari hiyo inavyotokea, na yale ambayo mgonjwa, jamaa zake na mhudumu wa afya wanaweza kufanya ili kuizuia.

Kwa nini mguu wenye ganzi hudanganya

Sukari inapokuwa juu katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu. Mishipa mirefu ndiyo huathirika kwanza, na kwa sababu hiyo dalili huanzia kwenye vidole vya miguu na nyayo. Uwezo wa kuhisi maumivu na joto hupungua. Jasho la miguu nalo hupungua, ngozi hukauka na kupasuka magaga, na hewa kavu ya kipupwe huzidisha hali hiyo. Misuli midogo ya mguu hudhoofika, vidole hujikunja, na uzito wa mwili huelemea sehemu chache za wayo, ambako sugu hujitokeza.

Pamoja na hayo, mishipa ya damu ya miguuni huweza kuwa imepungua upana. Baridi huibana zaidi, na tumbaku vilevile. Jeraha dogo katika mguu usiopata damu ya kutosha huchelewa sana kupona.

Lipo jambo jingine linalowapotosha wagonjwa wengi. Mishipa ya fahamu iliyoharibika haikosi tu kupeleka taarifa. Wakati mwingine hupeleka taarifa ya uongo. Mgonjwa huweza kuhisi miguu yake ni ya baridi kama barafu, ilhali mtu mwingine akiigusa huikuta ina joto la kawaida. Basi mgonjwa huisogeza miguu karibu zaidi na jiko, akiendelea kutafuta joto ambalo hawezi kulihisi. Anayetambua kwamba ngozi inaungua mara nyingi ni jamaa aliyesikia harufu au aliyeona malengelenge.

Kuipa miguu joto kwa usalama

Kanuni ya kwanza ni kuupasha joto mwili mzima badala ya kuielekeza miguu kwenye moto. Nguo nzito, blanketi, soksi za sufi au pamba na kutembeatembea ndani ya nyumba hutosha kwa wengi. Mwenye ganzi hapaswi kuweka miguu karibu na jiko, kuikanda kwa matofali au mawe yaliyopashwa moto, wala kulala na chupa ya maji ya moto miguuni. Joto lisilo kali huunguza pia iwapo litaigusa ngozi kwa saa nyingi. Isitoshe, jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huweza kuua watu waliolala.

Maji ya kuoga yasizidi nyuzi joto 37. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Pasipo na kipimajoto, maji hupimwa kwa kiwiko cha mkono, kamwe si kwa mguu. Na iwapo mikono nayo ina ganzi, jamaa apime. Miguu isilowekwe kwa muda mrefu. Baada ya kuosha, ikaushwe vizuri, hasa katikati ya vidole. Mafuta ya mgando hupakwa juu ya mguu, kwenye wayo na kisigino ili kuzuia magaga, lakini hayapakwi katikati ya vidole, kwa kuwa unyevu hapo hukaribisha fangasi.

Viatu na soksi

Kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kilichobana huubana mguu na kuupunguzia damu. Viatu vya mtumba vina kasoro ya ziada: vimekwisha kufuata umbo la mguu wa mwingine. Mtu asiyehisi kubanwa anaweza kupima kwa njia hii: asimame juu ya karatasi ngumu, mguu wake uchorwe, kisha mchoro ukatwe na kuingizwa ndani ya kiatu. Ukikunjika, kiatu hicho hakimfai. Inafaa kupima viatu alasiri, wakati miguu imevimba kidogo.

Kabla ya kuvaa, kiatu kikung'utwe na mkono upitishwe ndani kutafuta msumari, kijiwe au mshono uliojitokeza. Mabuti ya mpira ya shambani yavaliwe na soksi kavu, na soksi zilizolowa zibadilishwe mara moja. Kutembea peku kuepukwe hata ndani ya nyumba.

Usiku nao una hatari zake. Mwaka 2005, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini. Mahindi yaliyovunwa yanapohifadhiwa ndani ya nyumba, panya huyafuata. Soksi safi zisizobana, na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, hupunguza hatari hiyo.

Ukaguzi wa kila siku

Kwa kuwa hisia haziaminiki, macho na mikono huchukua nafasi yake. Kila jioni miguu ikaguliwe penye mwanga: nyayo, visigino na katikati ya vidole. Kioo kilichowekwa sakafuni, au mjukuu mwenye macho mazuri, husaidia. Hutafutwa lengelenge, mpasuko, wekundu, weusi, uvimbe, usaha na funza. Funza asitolewe kwa pini inayotumiwa na watu wengi. Kazi hiyo ifanywe kwenye kituo cha afya. Mguu mmoja ukiwa mwekundu, umevimba na una joto kuliko mwingine, hata bila kidonda, mgonjwa aache kuukanyagia na apelekwe kwa daktari, kwani mifupa yake yaweza kuwa inavunjika bila maumivu.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Wakati wa baridi wagonjwa hufika kliniki wamevaa soksi nzito, na foleni ikiwa ndefu hakuna anayewaambia wazivue. Kila mgonjwa wa kisukari avue viatu na soksi zote mbili. Mapigo ya damu ya mguu yapapaswe. Pasipo na vifaa, hisia huweza kupimwa kwa jaribio lililobuniwa Ipswich, Uingereza: mgonjwa hufumba macho, na mhudumu humgusa kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Asipohisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, miguu yake ina hatari ya kupata vidonda.

Mgonjwa huyo aulizwe swali moja la ziada kabla kipupwe hakijaanza: nyumbani kwake huota moto kwa kitu gani? Jibu lake ndilo litakaloonyesha ushauri unaohitajika, na jamaa anayelala naye nyumba moja ausikie pia.

Jeraha likitokea

Sehemu iliyoungua ipoozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunikwe kwa kitambaa safi na kikavu. Malengelenge yasipasuliwe. Dawa ya meno, mafuta ya taa, majivu na unga wa betri visipakwe. Mgonjwa afike kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama haumwi. Katika mguu wenye ganzi, kutokuwepo kwa maumivu si dalili ya nafuu. Ndiyo sababu ya kuharakisha.