Usimlipe Mume Aliyekutelekeza

Msomaji mmoja wa Kawangware ameniandikia. Mumewe ana miaka miwili hajamgusa wala kumwachia pesa ya unga; mtoto anakula kutokana na kibanda chake cha mboga. Alipodai talaka, aliambiwa alete shilingi 80,000, na mzee aliyejitia kupatanisha akamletea karatasi ya khului atie sahihi. “Mimi bado ni mwanamke, nina hamu zangu,” anasema, “lakini nitayatamkaje hayo mbele ya wanaume?”

Dada yangu, usitie sahihi. Khului, yaani mke kujinunulia talaka, ni ya anayetaka kutoka ilhali mume hana kosa. Wewe umetelekezwa, na njia yako ni fasakh: ukithibitisha madhara au kunyimwa matunzo, kadhi huivunja ndoa mwenyewe, mume apende asipende, na mahari uliyopokea hurudishi. Wapatanishi wa aina hii wanalijua hilo. Wananyamaza kwa sababu katika khului wana fungu lao. Huo ni unyang'anyi, hata anayeufanya akivaa kanzu.

La kitandani nalo liseme. Fiqhi haikulionea haya: mume aliyeapa kutomkaribia mkewe ana miezi 4, arejee au aache; asiyeweza tendo la ndoa hupewa mwaka 1, kisha mke ana hiari ya kutoka. Unyumba ni haki yako pia. Liandike kwenye madai: lini alihama chumba, nani analipa kodi ya nyumba, ujumbe wa M-Pesa ukiwa ushahidi. Omba usikilizwe faragha.

Sheria ya Kenya ndiyo inayonikera. Kifungu cha 43(5) cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinawaondoa wanandoa, kwa hiyo mume akimlazimisha mkewe hashtakiwi kwa ubakaji. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inakiri kwamba ukatili wa kingono upo ndani ya ndoa, lakini inachompa mke hasa ni amri ya kumzuia mume. Mwili wa mke haukuuzwa siku ya nikaha, na Bunge lilipaswa kukifuta kifungu hicho zamani.

Ukishapata hukumu, dai cheti, kaa eda yako. Baada ya hapo hakuna wa kukuoza bila kauli yako, hata baba mzazi. Ile karatasi mrudishie mzee bila sahihi, na Jumatatu uende kwa kadhi.