Vidokezo: Stenlesi Ikuonyeshe Meno Yako

Jumapili asubuhi mjini Machakos, kabla kengele za kanisa hazijalia, wenye boda boda huegesha kando ya barabara, kila mmoja na kitambaa chake, wakisugua bomba la moshi. Wachache hupata kioo. Wengi hupata ukungu, kisha lawama zote huangukia dawa ya kung'arishia. Dawa haina kosa, na vidokezo hivi vitakuonyesha kosa liko wapi.

1. Ujue unachosugua.
Si kila king'aacho ni stenlesi. Mabomba mengi ya pikipiki ni chuma cha kawaida kilichovishwa kromu. Ukikipitishia msasa unakivua nguo, na mvua za Novemba zitamalizia kazi. Chungulia mdomo wa bomba: nje linameta, ndani limejaa kutu? Hiyo ni kromu, ioshe tu na uiache. Sufuria nyingi za sokoni nazo ni alumini, nyepesi mkononi. Watu hukimbilia sumaku, lakini sumaku peke yake si hakimu. Stenlesi ya 304, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8, hainaswi nayo kwa nguvu. Ile ya 430 hunaswa barabara, na bado ni stenlesi halali.

2. Osha kabla ya kugusa msasa.
Vumbi letu jekundu lina mchanga. Punje moja ikinaswa chini ya kitambaa itachora mstari utakaokugharimu saa nzima kuufuta. Maji, sabuni ya vyombo, kisha kausha.

3. Kioo hutoka kwenye msasa.
Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo vuta kiti. Chuma hung'aa kama kioo pale mikwaruzo inapokuwa midogo kiasi kwamba jicho haliioni tena. Kila msasa huweka mikwaruzo yake, na kazi ya msasa unaofuata ni kuifuta yote na kuweka mingine midogo zaidi. Kama kuna makovu ya kina, anza na nambari 240, halafu 320, 400, 600, 800, 1200, hadi 2000. Kama uso ni mzima, anzia 400. Lowesha kwa maji yenye tone la sabuni ili unga wa chuma usizibe karatasi.

Siri yenyewe ni mwelekeo. Ukisugua kwa 240 kutoka kushoto kwenda kulia, 320 ipitishe juu kwenda chini. Mistari ya zamani itajitokeza ikiwa imekatiza ile mipya. Usiende 400 mpaka mstari wa mwisho wa zamani upotee. Kagua uso kwa tochi ya simu iliyolazwa pembeni, maana mwanga wa juu huficha mengi. Na suuza kila unapobadilisha karatasi, la sivyo punje za 240 zitakufuata hadi 2000.

Mimi niliwahi kuruka. Kilikuwa kifuniko cha sufuria ya pilau, cha mama mkwe tena. Nilitoka 240 nikarukia 800, nikapaka dawa, kikameta vizuri kivulini. Kilipotolewa uani juani kilionekana kama kimeparuliwa na kuku. Nilirudi mwanzo, safari hii bila watazamaji.

Wachongaji wa Wamunyu, upande wa mashariki wa kaunti yetu, hawahitaji somo hili. Tangu Mutisya Munge alipojifunza kuchonga kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuuleta ujuzi huo nyumbani, vinyago vyao vimepata mng'aro kwa kwenda hivyo hivyo: kikali kwanza, laini baadaye, nta mwisho.

4. Gurudumu la kitambaa ni tamu, na linauma.
Kwa reli ya ngazi au kitu kikubwa, funga gurudumu la kitambaa kwenye drili au mashine ya benchi, lipake nta ya kung'arishia, na bonyeza kwa wepesi. Stenlesi haisambazi joto upesi, kwa hiyo ukikandamiza sehemu moja inageuka manjano, kisha buluu. Kila aina ya nta iwe na gurudumu lake. Vaa miwani na barakoa, funga nywele, na usivae leso, tai wala glovu za kitambaa. Shika kazi upande wa chini wa gurudumu, pale gurudumu linapoukimbia ukingo wa kitu badala ya kuuparamia. Likinasa ukingo, litakurushia kitu hicho usoni. Kwa kitu kidogo, dawa ya kung'arishia na fulana kuukuu ya pamba zinatosha. Kitambaa kikigeuka cheusi, ujue kazi inaendelea.

5. Usiazime vifaa vya fundi wa mageti.
Diski au brashi ya waya iliyosugua chuma cha kawaida huacha chembe zake juu ya stenlesi. Baada ya wiki chache chembe hizo zinashika kutu, na mwenye mali anaapa kwamba aliuziwa feki.

6. Bastola? Hapana, bwana.
Mtu mmoja aliniuliza kama ningeweza kumfanyia bastola yake ya stenlesi iwe kioo. Ombi lenyewe si geni: Harry Brearley wa Sheffield, mwaka 1913, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akaishia kutupatia stenlesi ya visu vya mezani. Bastola ya stenlesi ya kwanza, Model 60 ya Smith & Wesson, ilitoka 1965. Lakini Kenya kazi ya kutengeneza silaha za watu ni ya aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Isitoshe, gurudumu halijui kusoma. Litaila nambari ya usajili pamoja na mikwaruzo, na hapo hutakuwa unazungumza na fundi tena, bali na polisi. Nilimwelekeza kwa mwenye leseni, nikarudi kwenye reli zangu.

7. Maji ya kisima yana chumvi.
Maji ya visima vingi vya Ukambani huacha madoa meupe yakikauka. Futa kabla hayajakauka. Yakishakauka, siki au limau kidogo, suuza, pangusa. Dawa ya kufulia yenye klorini usiisogeze kabisa. Hutoboa stenlesi vitundu vidogo ambavyo hakuna msasa utakaovifikia bila kuula uso wote.

8. Alama za vidole.
Pumulia, futa kwa kitambaa kikavu. Ukishawishika kuchukua msasa tena kwa ajili ya kidole cha mtoto, kaa chini kwanza, unywe chai.