Druidi wa Kichochoroni: Vidokezo vya Kupigana Ana kwa Ana

Mpe mchezaji mpya druidi, yaani mganga wa misituni, na mara nyingi utamkuta amejibanza nyuma ya wenzake, anarusha uganga kwa mbali na kuomba asiguswe. Ni hasara. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi mezani uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, druidi amekuwa mhusika wa kuchezwa tangu 1976, na ana njia tele za kusimama mbele na kupigana. Kinachowaponza wengi ni kumchezesha kama askari. Askari akifika ngazi ya tano hupiga mara mbili kwa zamu. Druidi hubaki na pigo lake moja. Nguvu yake imo katika mahali anapopigania. Huchagua uwanja, huchagua mwili unaoufaa uwanja huo, ndipo huinua rungu.

Hesabu za hapa ni za sheria za 2014, kwa sababu muhtasari wake rasmi, SRD 5.1, umekuwa bure chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Unaupakua kwenye simu na kumtumia mwenzako bila kuiba chochote. Pale toleo la 2024 linapotofautiana sana, nitasema.

1. Uwanja kwanza, silaha baadaye

Kwenye ramani ya mchezo huu mraba mmoja ni futi 5, yaani mita moja na nusu. Vichochoro vingi vya mtaa wa Mathare, Nairobi, kati ya mabati na mabati, havifiki hata upana huo, na hiyo ni neema kwa druidi. Simama ndani ya kichochoro cha mraba mmoja, mgongo wako ukilindwa na wenzako, na maadui wanane watalazimika kuja mmoja mmoja.

Msimulizi, yaani anayeendesha mchezo, akiwachorea bonde lenyewe la Mathare, Juja Road upande mmoja, Thika Road upande wa pili na Mto Mathare katikati, mwulizeni kabla dadu ya kwanza haijarushwa. Njia ina upana gani? Mto una kina gani? Ule ukuta wa mawe ulioachwa na machimbo ya zamani unapandika? Mchezaji wa druidi ndiye anayepaswa kuuliza kuliko wote mezani, kwa sababu majibu hayo ndiyo yatakayomwambia awe mnyama gani, au abaki mtu.

2. Mpe kwao

Druidi wa kitabuni ametokana na misitu ya Ulaya ya kale. Wewe una misitu yako. Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda kule Pwani, zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, zimelindwa na wazee wake kwa vizazi. Mwaka 1913 mwanamke aitwaye Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, wasikubali kazi ya lazima wala kodi ya Waingereza. Alikamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka na kurudi kwao. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua kaya yao, Kaya Fungo, kwa baruti. Mhusika ambaye msitu wake umelipuliwa hahitaji kushawishiwa kusimama mstari wa mbele.

Ombi moja hapa, na ninalisema kwa dhati: kaya ni mahali patakatifu pa watu walio hai leo. Chukua ule moyo wa kulinda. Viapo na ibada zao ziache nje ya meza.

Na kama unataka mtu wa karibu zaidi, tazama vijana wanaopanda miti kandokando ya Mto Mathare, mahali palipokuwa pa kutupa taka. Druidi anayeujua kila mche kwa jina la aliyeupanda, na anayejua nani anakuja usiku kuung'oa, tayari ana hadithi ya kutosha miezi kadhaa.

3. Rungu ndilo silaha yako ya ngazi za mwanzo

Wengi hukimbilia upanga kwa sababu unaonekana wa maana zaidi. Angalia hesabu kwanza. Druidi wa ngazi ya kwanza mwenye Hekima 16 na Nguvu 8 akipiga kwa rungu la kawaida, anaongeza 1 tu kwenye dadu ya pande 20, na madhara yake ni dadu ya pande 4 ukitoa 1. Ni aibu. Sasa aite uganga mdogo wa Shillelagh. Rungu lile lile, au fimbo, linapigana kwa Hekima badala ya Nguvu: anaongeza 5 kwenye shambulio, na madhara yanakuwa dadu ya pande 8 ukiongeza 3. Uganga huo haumalizi akiba yake, unadumu dakika moja, na hauhitaji kushikiliwa akilini, kwa hiyo akili inabaki huru kushikilia jambo jingine.

Simi ya mhusika wa Kikuyu au wa Kimasai inaweza kuchezwa kwa sheria za ule upanga uliopinda unaoruhusiwa kwa druidi, lakini hiyo inataka Wepesi mkubwa. Shillelagh haigusi simi wala mkuki.

Katika toleo la 2014 rungu hili linaanza kuachwa nyuma kuanzia ngazi ya tano. Katika toleo la 2024 linakua pamoja na mhusika: dadu ya pande 10 kwenye ngazi ya 5, ya pande 12 kwenye ngazi ya 11. Toleo hilo pia linamruhusu druidi, tangu ngazi ya kwanza, kuchagua njia ya Warden, inayompa silaha za kivita na mavazi mazito kiasi. Kama kikundi chenu kinacheza 2024 na unataka kukaa mbele, chukua Warden bila kuwaza mara mbili.

4. Dadu zisiwakwamishe

Seti kamili ya dadu za mchezo huu si kitu utakachokipata kwenye kila duka la mtaani, na dadu ya ludo ina pande 6 tu. Kusanyeni vifuniko 20 vya soda, viandikeni nambari 1 hadi 20 kwa ndani, vitieni kwenye mfuko usioonyesha ndani. Chomoa kimoja, soma, rudisha, tikisa. Kurudisha ni lazima, la sivyo bahati ya kila mtu inaharibika.

Kwa dadu ya pande 8 ya rungu lako, tumia sarafu tatu zilizotolewa mwishoni mwa 2018: ya shilingi 10 yenye simba, ya 5 yenye kifaru, na ya 1 yenye twiga. Zirushe pamoja. Simba akitokea juu, hesabu 4. Kifaru, 2. Twiga, 1. Ikitokea nembo ya taifa, hesabu sufuri. Jumlisha, kisha ongeza 1. Utapata nambari yoyote kati ya 1 na 8, kila moja ikiwa na nafasi sawa na nyingine. Ni haki kabisa, na sauti ya sarafu mezani ni tamu.

5. Mwili wa mnyama ni uhai wa pili

Hapa ndipo druidi anapowaacha wengine wote. Kuanzia ngazi ya pili anaweza kujigeuza mnyama mara mbili, kisha anapumzika na kuirudisha nafasi hiyo. Kwa sheria za 2014 mnyama anakuja na uhai wake. Ukimalizika, druidi anarudi kuwa mtu akiwa na uhai wake wa awali, na ni yale madhara yaliyozidi tu yanayomfikia. Kwa hiyo kila mageuzi ni ngao ya damu isiyo yako.

Chui ndiye chaguo langu la ngazi ya pili, hasa Mathare. Ana uhai 13 tu, lakini kwa sheria ana ukubwa sawa na wa mtu, hivyo anapita kichochoroni bila kubanwa, na anapanda ukuta futi 40 kwa zamu moja. Mpandishe juu ya mabati, mshushe upande wa pili, mpe futi 20 za kukimbia moja kwa moja, aruke. Adui akishindwa kustahimili anaanguka chini, na chui anaongeza kumwuma papo hapo.

Ngazi ya nne inakuletea mamba. Mwache mtoni. Akimng'ata mtu, mtu huyo ameshikwa na hana pa kwenda, na kila mwenzako anayempiga anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Mamba mmoja kwenye kivuko cha mto anaweza kumaliza kazi ya kiongozi wa maadui kabla wafuasi wake hawajafika.

Simba anakuja ngazi ya nane, isipokuwa umechagua kuwa druidi wa Mwezi, Circle of the Moon, ambaye anampata tangu ngazi ya pili na anajigeuza huku bado akiwa na kitendo chake kikuu mkononi. Njia ya Mwezi haimo kwenye ule muhtasari wa bure; inahitaji kitabu chenyewe, Player's Handbook. Changeni mnunue kimoja cha kikundi kizima. Kwa anayetaka kupigana kwa karibu, hakuna njia ya druidi ninayoipenda zaidi.

Druidi wa Mwezi huyo anafikia kifaru ngazi ya 6 na ndovu, yule wa sarafu ya shilingi 20, ngazi ya 12, akiwa na uhai 76. Lakini kumbuka uwanja. Simba, mamba na kifaru wanahitaji miraba minne. Ukimsukuma simba kwenye kichochoro cha mraba mmoja anabanwa: mashambulio yake yanadhoofika na anakuwa rahisi kupigwa. Kifaru anataka futi 20 za mwendo wa moja kwa moja ndipo pembe yake iume sawasawa. Ndovu haingii kichochoroni kabisa. Ndovu ni wa Juja Road.

Wanaocheza toleo la 2024 wajue kwamba mnyama haleti tena uhai wake wote. Druidi anabaki na uhai wake mwenyewe na kuongezewa kiasi kinacholingana na ngazi yake, na mara tatu ya kiasi hicho akiwa wa Mwezi. Msiingie kichwa kichwa kama zamani.

6. Jipake gome kabla ya kugeuka

Kwa sheria za 2014, uganga wa Barkskin unafanya ngozi iwe ngumu kama gome la mti, na kinga yako, nambari ambayo adui lazima aifikie ili akupige, haishuki chini ya 16. Ukiwa mtu mwenye ngozi ngumu ya kuvaa, Wepesi wa kutosha na ngao ya mbao, tayari una 16, hivyo uganga huo haukuongezei kitu. Mnyama ndiye anayeuhitaji. Simba ana kinga 12, dubu 11. Uite ukiwa mtu, ushikilie, kisha jigeuze: kujigeuza hakuvunji uganga unaoushikilia. Tofauti ya pointi nne inapunguza sana mara unazopigwa.

7. Ardhi ipige kabla yako

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, lingekuwa hili. Uganga wa Spike Growth unaotesha miiba kwenye duara lenye upana wa futi 40, na kila futi 5 ambazo mtu anatembea ndani yake zinamchoma kwa dadu mbili za pande 4. Iweke katikati ya kichochoro kirefu. Anayetaka kukufikia ana miraba minane ya kuvuka, wastani wa pointi 5 kila mraba: pointi 40 kabla hajakuona usoni. Miiba inapunguza mwendo pia, kwa hiyo anaumia na kuchelewa. Wewe uko mwisho wa njia na rungu, unamsubiri yule aliyebaki.

Angalia wapi wenzako wamesimama. Miiba haichagui, na asiyekuona ukiiweka hataitambua kirahisi.

Kabla hujafika ngazi ya tatu ya kuipata, Entangle inafanya kazi ya jirani. Magugu yanawafunga walioshindwa kujinasua, na kila unayempiga akiwa amefungwa unamrushia dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Simama pembeni mwa magugu, usiingie ndani, mpige aliye karibu.

8. Usipigwe ovyo

Uganga wowote unaoushikilia unajaribiwa kila unapoumizwa: rusha dadu, ongeza Ukakamavu wako, ufike 10 au nusu ya madhara uliyopata, ipi iliyo kubwa. Kwa hiyo Ukakamavu ndio unaofuata Hekima unapogawa pointi zako, hata kabla ya Wepesi. Ukiona unapigwa sana kiasi cha kuihatarisha miiba yako, tumia kitendo chako kujiondoa bila kupigwa, urudi nyuma ya mwenzako na umwache achukue nafasi yako kwa zamu hiyo.

9. Lala na matunda mkononi

Kabla ya mapumziko ya usiku, uganga uliobaki usioutumia uitie Goodberry. Kila mara unapata matunda 10, kila tunda linarudisha pointi 1 ya uhai na kumshibisha mtu siku nzima, nayo hudumu saa 24. Yagawe kwa kila mwenzako asubuhi, kila mtu ayaweke mfukoni mwake. Ukianguka wewe mbele ya kichochoro, aliye nyuma yako, msimulizi akiruhusu, anakutia tunda moja mdomoni, unaamka, unainua rungu.