MZIMU WA WATU WA KALE: MUUAJI NI MZIMU AU NI MTU?

Leo tuchambue riwaya ndogo iliyofungua mlango mkubwa.

MTUNZI: Muhammad Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka wa 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, halafu akawa mhariri wa magazeti. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la 1957-58 la East African Literature Bureau, ikachapishwa 1960. Baadaye alitunga nyingine, kama vile Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973). Alifariki mwaka wa 1991.

JINA LA KITABU: Wengi wetu tukisikia "mzimu" twafikiria roho ya marehemu tu. La, hasha! Mzimu ni mahali pia, pale watu wanapokwenda kutambika na kuomba. Neno hili limo katika ngeli ya U-I: mzimu huu, mizimu hii. Usilichanganye na "kuzimu" wala "wazimu".

HADITHI: Bwana Ali anauawa, na maiti yake yaonekana pale mzimuni. Sasa jamani, nani atathubutu kuuliza maswali mahali panapoogopwa hivyo? Ni Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, akifuatana na rafikiye Najum. Wawili hawa wanatukumbusha Sherlock Holmes na Watson wa Uingereza, lakini mazungumzo na mizaha yao ni ya Kiunguja kabisa. Muuaji simtaji, kasome mwenyewe!

FUNZO: Hofu ni pazia. Mhalifu akijua watu wanaogopa mahali fulani, hujificha nyuma ya hofu hiyo. Bwana Msa hamtukani mtu kwa imani yake. Yeye huuliza tu: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika?

Maswali hayo yanatuhusu sisi wa Muhuru Bay. Mvuvi wa omena akizama usiku, si ajabu kusikia, "Amerogwa huyo!" Kisha kidole chaelekezwa kwa nyanya fulani mzee. Mwaka wa 2008 huko Kisii, si mbali nasi, watu 11 walichomwa hadi kufa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Je, kabla ya moto kuwashwa, nani aliuliza mashua ilikuwa nzima? Nani aliuliza kama marehemu alivaa jaketi la kuokolea? Neno moja la kuuliza laweza kuokoa roho ya mtu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini lazima apatikane mtu wa kuifuata.

ZOEZI
1. Eleza tofauti ya mzimu, kuzimu na wazimu.
2. Kwa nini mtunzi aliiweka maiti mzimuni, si sokoni?
3. Tunga kisa cha upelelezi kinachotokea ufuoni mwa Ziwa Viktoria.