SOMO LA KIKUNDI: MWANGA HUFANYA MAMBO MATATU

Somo letu la safari hii ni juu ya mwanga. Huenda mtu akauliza, "Mwanga una nini cha kufundishwa? Si jua linachomoza kila siku?" Ni kweli. Lakini hata maji tunayaona kila siku, na bado watoto wetu wanaendesha kwa sababu ya maji. Kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba nuru ilitangulia mimea, wanyama na hata mwanadamu. Kitu kilichotangulizwa hivyo si cha kupuuza.

Mwisho wa somo, kila mwanachama awe anaweza kufanya mambo mawili. Kwanza, kueleza mwanga hufanya nini unapokutana na kitu. Pili, kutayarisha maji ya kunywa kwa chupa na jua, bila kujidanganya. Twasema "bila kujidanganya" kwa makusudi. Mama anayejua maji yake ni machafu huyachemsha. Lakini mama anayedhani maji yamekuwa safi, na kumbe sivyo, atampa mtoto kikombe bila wasiwasi. Huyo yuko katika hatari kubwa kuliko yule wa kwanza.

VITU VYA KUTAYARISHA

- Mikebe miwili iliyo sawa. Mmoja upakwe masizi nje mpaka uwe mweusi kabisa, mwingine ubaki unang'aa.
- Kioo kidogo cha kujitazamia.
- Beseni ya maji na kijiti kilichonyooka.
- Chupa mbili za plastiki zisizo na rangi, za maji au soda. Moja ijazwe maji maangavu, nyingine maji ya mto yenye tope.
- Gazeti moja.

Kiongozi asome sehemu moja kwa sauti, kisha kikundi kifanye jaribio lake kabla ya kuendelea. Asiwepo mtu wa kulitazama jua moja kwa moja, wala kummulika mwenzake machoni kwa kioo. Macho yanaweza kuharibika.

1. SAFARI YA MWANGA

Jua liko mbali nasi kadiri ya kilomita milioni 150. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja, kwa hiyo hutumia dakika 8 na kidogo kutufikia. Mwanga unaokuanguka mkononi sasa hivi uliondoka kwenye jua kabla hujamaliza kuamkia watu na kuketi.

Mwanga husafiri kwa kunyooka. Wengi mmeona nyumba ya mabati yenye tundu la msumari: saa za mchana mwanga huingia kama kamba iliyovutwa kutoka darini hadi sakafuni. Lakini angalia vizuri. Kile unachokiona si mwanga wenyewe ukipita. Ni vumbi linaloelea hewani na kurudisha mwanga kwenye macho yako. Chumba kingekuwa bila vumbi wala moshi, ungeona duara la mwanga sakafuni tu, wala usingeiona hiyo kamba. Basi tumejifunza jambo la kwanza: twaona kitu kwa sababu mwanga umekigonga ukarudi machoni.

2. MAMBO MATATU

Mwanga ukikutana na kitu chochote, iwe jani, jiwe, maji au ngozi yako, huweza kufanya mambo matatu.

(a) Hurudishwa. Chukua kile kioo, kiweke juani, umulike ukutani. Kioo kimeurudisha mwanga karibu wote, na kwa mpangilio. Mabati mapya nayo hurudisha mwingi. Nguo nyeupe hurudisha mwingi pia, ila inautawanya kila upande, ndiyo maana hujioni humo.

(b) Hupenya. Hewa, maji maangavu na plastiki angavu huruhusu mwanga upite. Lakini mwanga ukitoka hewani kuingia majini, au ukitoka majini kuja hewani, hupinda kidogo. Tia kijiti nusu ndani ya beseni, ukitazame kwa upande. Kinaonekana kama kimevunjika. Kitoe, nacho ni kizima!

Hapa kuna onyo kwa wazazi. Kwa sababu ya kupinda huku, ukitazama kutoka juu, kina cha maji huonekana kama robo tatu tu ya kina chenyewe. Kidimbwi cha futi 8 kitaonekana kama cha futi 6. Mtoto anayeliona bwawa akasema "maji ni kidogo" hasemi uongo. Macho yake ndiyo yamedanganywa. Tuwafundishe mapema.

(c) Hufyonzwa. Jaza mikebe miwili maji ya kiasi kimoja, iweke juani kwa saa moja au mbili, kisha mtie vidole. Maji ya mkebe mweusi yatakuwa na joto zaidi. Masizi yamefyonza mwanga mwingi, na mwanga uliofyonzwa haupotei, bali umegeuka kuwa joto. Mkebe unaong'aa umeurudisha mwingi, kwa hiyo haukupata joto jingi.

Vitu vingi hufanya yote matatu kwa wakati mmoja. Chukua jani la mhindi. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Jani hufyonza sana rangi nyekundu na ya bluu ili kujitengenezea chakula, hurudisha zaidi ile ya kijani, na kiasi kidogo hupenya hadi upande wa chini. Hivyo rangi tunayoiona kwenye jani ni ile ambayo jani halikuifyonza.

Kwa hiyo, kila unapotaka kutumia jua, jiulize: hapa nataka mwanga urudishwe, upenye, au ufyonzwe?

3. MWANGA USIOONEKANA

Upo mwanga mwingine wa jua ambao macho hayauoni. Uko ng'ambo ya rangi ya zambarau, na wataalamu huuita miale ya urujuanimno. Huuoni, lakini kazi yake unaijua. Ndio unaopausha kitambaa cha dirishani, na ndio unaofanya plastiki iliyoachwa nje miaka mingi ivunjike kama kaki. Miale hii ina nguvu ya kuharibu vitu inapofyonzwa.

Sasa fikiria kijidudu cha kuhara, kidogo mno, kikiogelea ndani ya maji. Miale hii ikikifikia, hufyonzwa ndani ya mwili wake na kuharibu zile sehemu zinazokiwezesha kuishi na kuzaana. Tena mwanga ukishirikiana na hewa iliyochanganyika ndani ya maji, hutokea vitu vikali vinavyozidi kukidhuru. Maji yakipata joto la nyuzi 50 za Selsiasi, joto na mwanga husaidiana, na vijidudu hufa upesi zaidi.

4. CHUPA JUU YA MABATI

Jambo hili limejaribiwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1996 wataalamu walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya kati ya watoto 206 wa Kimaasai wenye umri wa miaka 5 hadi 16. Wote walipewa chupa za plastiki. Kundi moja liliweka chupa zake za maji juu ya paa, juani. Kundi jingine liliziweka ndani ya nyumba. Tofauti ilikuwa mwanga tu. Watoto wa chupa za juu ya paa waliugua kuhara kidogo kuliko wenzao.

Baadaye kipindupindu kilizuka katika eneo ambako utafiti mwingine kama huo ulikuwa umetoka kumalizika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya jua, 3 walipata kipindupindu. Kati ya watoto 144 ambao hawakuyanywa, walioupata walikuwa 20. Lakini tuseme yote: kwa watu wazima na watoto wakubwa wa nyumba hizo, tofauti ya maana haikuonekana. Basi tusiwaambie watu kwamba chupa ni kinga ya kila kitu.

Njia yenyewe ni hii, na kila hatua ina sababu yake:

Kwanza, chagua chupa. Iwe ya plastiki angavu, isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Angalia chini yake kama ina alama ya pembetatu yenye namba 1. Toa karatasi yote iliyobandikwa. Ioshe kwa sabuni. Sababu: twataka mwanga upenye.

Pili, pima maji kwa gazeti. Simamisha chupa iliyojaa juu ya maandishi makubwa ya kichwa cha habari, kisha tazama kutoka juu kupitia mdomo wa chupa. Ukiweza kuyasoma, maji yanafaa. Usipoweza, yaache yatulie usiku kucha, yamimine polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa, upime tena. Jaribuni sasa kwa zile chupa mbili. Sababu: tope hufyonza na kutawanya mwanga, na vijidudu hujificha nyuma ya chembe za udongo kama mtu aliyejificha kivulini.

Tatu, jaza robo tatu, funga, tikisa kwa sekunde 20, kisha ongeza maji mpaka ijae. Sababu: kutikisa huingiza hewa ndani ya maji.

Nne, laza chupa juu ya mabati, mahali pasipo kivuli. Sababu: kadiri mwanga unavyozama majini ndivyo unavyopungua nguvu. Chupa iliyolala ina kina cha sentimita 10 hivi, lakini iliyosimama ni mara tatu ya hapo. Mabati nayo huongeza joto.

Tano, iache saa 6, tuseme kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa nzima, usitegemee njia hii. Chemsha.

Sita, maji yakae katika chupa ile ile mpaka yanywewe. Ukiyamimina kwenye mtungi mchafu au kuyachota kwa kikombe kilichoshikwa na mikono michafu, umeirudisha kazi ya jua mwanzo.

5. MAKOSA YA KUEPUKA

Chupa ya rangi ya kahawia au kijani. Chupa ya kahawia hutengenezwa hivyo ili kukinga kilichomo kisiharibiwe na mwanga, ndiyo maana dawa nyingi hutiwa humo. Ukitia maji yako humo, rangi itafyonza ile miale na vijidudu vitakaa salama. Hata mtungi wa manjano wa lita 20 haufai kwa sababu hiyo hiyo, na tena una kina kikubwa.

Chupa iliyokwaruzika na kufifia. Hiyo ipewe kazi nyingine, kama kuwekea mbegu, utafute mpya.

Kudhani maji yakiwa moto yamekuwa tayari. Mkono si kipimo. Hesabu saa.

Kudhani jua huondoa kila kitu. Mwanga hauondoi chumvi, wala dawa za shamba, wala floraidi ile ya Bonde la Ufa inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Hiyo haifi, kwa sababu si kitu chenye uhai. Maji ya namna hiyo yanahitaji njia nyingine.

6. HESABU YA NYUMBANI

Familia ya watu 6, kila mmoja akinywa lita 2 kwa siku, yahitaji lita 12, yaani chupa 6 za lita 2. Lakini leo zikiwa juani, mtakunywa nini? Kwa hiyo wekeni chupa 12: sita za kunywa leo, na sita juu ya mabati kwa ajili ya kesho. Tia alama kwa uzi mwekundu ili msizichanganye.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini sufuria nyeusi hupata joto juani kuliko inayong'aa?
2. Jirani amelaza chupa ya kijani juu ya mabati kutwa nzima. Utamwambia nini, kwa upole, bila kumfedhehesha?
3. Maji yanayochotwa na wanachama wetu yanapita kipimo cha gazeti? Kama hayapiti, tufanye nini?
4. Watoto wetu hunywa maji wapi wanapokuwa mbali na nyumbani?

KAZI YA MWEZI

Kila mwanachama ajaribu nyumbani kwa wiki mbili, aandike kila siku: chupa ziliwekwa saa ngapi, zikatolewa saa ngapi, anga ilikuwaje, na kama kuna mtoto aliyeendesha. Mleteni karatasi hizo mkutanoni, hata za wale walioshindwa. Walioshindwa ndio watakaotufundisha ni hatua gani ngumu. Na mtoto akiendesha, mpeni maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa au ile dawa ya pakiti, na mumpeleke zahanati mapema. Msikae mkingojea chupa imponye.

Jua hatulilipii, nalo latufikia sote, mwenye shamba kubwa na mwenye kipande. Tulilowekewa sisi ni kulifungulia njia: chupa angavu, maji maangavu, na uvumilivu wa saa sita.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.